Mstari wa Mwisho wa Keki ya Mama

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo nimefanya jambo la akili. Naliandika haraka, maana mambo yangu ya akili yana kawaida ya kupotelea njiani, kisha hakuna anayejua yalikuwa yangu.

Dada yangu hupika keki ya limau ya marehemu Mama na kuiuza kwenye kantini ya ofisi ya maji. Keki nzuri. Watu wa ofisi ya maji wanakula biskuti za pakiti. Juzi Jumamosi nilimkuta amerudi na nusu ya sinia. Akanipa vipande vitatu na kuniambia nile tu, vitaharibika. Nilivila vyote, lakini kwa uchungu.

Ndipo wazo likanijia. Mimi ni mtoa kopi. Miaka kumi na moja nabonyeza kitufe cha kijani katika duka la fotokopi. Nimewatolea watu vyeti, wasia, na barua moja ya mapenzi ambayo bwana mmoja alitaka kopi nne. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Lakini karatasi zote za mji huu zinapita mikononi mwangu!

Daftari la mapishi la Mama liko kabatini kwa Dada, limefungwa kwa kitambaa. Ukurasa wa keki ulishachomoka siku nyingi. Dada alipoingia kuoga, nikauazima. Nasema nikauazima kwa sababu nitaurudisha.

Leo nikachapa kijikaratasi cha hadithi, nikakilaza kwenye kioo cha mashine, na ukurasa wa Mama chini yake. Hadithi inasema hoteli kubwa ilituma gari jeusi kwa mama mmoja kumwomba siri ya keki yake, naye akawafungia mlango. Siri yenyewe ndiyo hii, na keki iliyokwisha pikwa inapatikana kantini ya ofisi ya maji. Gari jeusi halikuwahi kuja. Nimetia chumvi kidogo. Hadithi isiyo na gari haiendi mbali.

Hesabu yangu ni hii: mtu atasoma, atajaribu, ataharibu. Akishaharibu, atanunua. Nimetoa kopi mia mbili na kuziacha kila palipo na foleni.

Mwenye Duka ameniuliza mbona wino umeisha haraka. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimepoteza ukurasa wa Mama.

Naandika tena, labda utaonekana. Nimepoteza ukurasa wa Mama.

Najua ulipopotelea. Kwa miaka kumi na moja nimewaambia wateja: usisahau orijino yako kwenye kioo. Nimebandika tangazo ukutani, kwa herufi kubwa. Jana nilikusanya kopi zangu mia mbili, nikajipongeza, nikamhudumia aliyefuata, na huyo aliyefuata akaondoka na rundo lake pamoja na mwandiko wa mama yangu mzazi. Alikuwa nani? Sikumwangalia usoni. Siwaangalii watu usoni, naangalia karatasi. Na karatasi zake sizikumbuki.

Nimepekua kapu la taka mara tatu. Nimefungua tumbo la mashine. Nimeinua hata zulia. Mpiga Picha wa pasipoti, ambaye kibanda chake kinatazamana na chetu, alikaa kwenye stuli yake akinitazama kwa raha zake zote. Akauliza kama natafuta akili. Huyu bwana ana kazi ya kuwaambia watu wasitabasamu, na kicheko chote walichonyimwa amejiwekea yeye.

Hamna shida. Dada anaijua keki kwa moyo, hafungui daftari. Nitautafuta polepole.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Hadithi imetembea!

Kwenye foleni ya benki, mwanamke aliyesimama mbele yangu alimhadithia mwenzake kuhusu gari jeusi. Ila yalikuwa magari matatu. Na mpishi mkuu wa hoteli alipiga magoti kwenye matope. Mwenzake akauliza ana hakika gani. Akasema shemeji yake aliyaona magari kwa macho yake, na hata kidole alinyoosha kuonyesha upande yalikotokea.

Nilisikia raha ya ajabu. Nikatamani kumshika mkono shemeji huyo. Kisha nikaona haya kidogo, maana kwa dakika nzima niliyaona magari hayo mlangoni kwetu, na Mama amesimama ameshika kiuno. Mama hakuwa mtu wa kushika kiuno. Hodi ikipigwa, alikuwa anafuta mikono na kufungua kabla hajauliza ni nani.

Jioni nimepokea hadithi yangu mwenyewe kwenye simu, kutoka kundi la wafanyakazi wa jengo letu, na onyo kwamba nisipoituma kwa watu kumi keki zangu hazitaumuka kamwe. Nikaituma kwa kumi na wawili. Sipiki keki, lakini mtu hujui.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimekula kwa Dada. Uso wake unang'aa. Keki zinaisha kabla ya saa nne asubuhi. Watu wanatoka ofisi za mbali, wanainusa kwanza, kisha wanamuuliza mambo ya magari. Hajui wanasema nini. Anadhani ni wazimu fulani mpya wa mjini. Nikatafuna taratibu na kujitia hamnazo.

Kisha akasema jambo lililonikwama kooni pamoja na kipande.

Jumamosi ijayo ni mwaka mmoja tangu Mama atutoke. Amewaalika majirani wa zamani, wale tuliokaa nao uani. Amenunua fremu. Anataka kuutia ukurasa wa keki kwenye fremu na kuutundika sebuleni, kwa sababu picha za Mama zote zimemtoa amekunja uso, lakini mwandiko wake, Dada alisema, unacheka.

Akainuka kwenda kabatini. Nikamwambia aketi, akifungua leo vumbi litaingia. Vumbi gani? Akanitazama. Nikasema vumbi la Juni. Akaketi.

Siku saba.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Balaa jipya. Nesi mmoja ameingia dukani na kopi yangu mkononi. Keki yake imetoka kama sabuni. Akaiweka karatasi mezani na kugusa upande wa chini: hapa pamekatwa.

Nikainama. Ni kweli. Chini kabisa, penye ukingo, kuna vichwa vya herufi tu, kama watu waliozama hadi kwenye paji la uso. Mstari mzima wa mwisho wa Mama haupo. Nikaelewa papo hapo. Kijikaratasi changu cha gari jeusi kilikaa juu ya kioo na kuusukuma ukurasa wa Mama chini, ukatoka nje ya kioo. Uongo wangu ulihitaji nafasi, ikapatikana kwa Mama.

Nesi alisema watu sita wa wodi yao wamepika keki hiyo. Zote zimeharibika. Wote wamekubaliana kwamba siri iko kwenye mstari uliokatwa. Mmoja anasema ni karafuu. Mwingine anaapa ni kijiko cha siki. Jamaa wa maabara ameuweka ukingo chini ya hadubini.

Akaniuliza: je, mimi namjua huyo mama?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Lakini miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza kitu! Nikasema ni mama yangu. Macho yake yakakua. Akauliza mstari unasema nini. Siujui. Sikuwahi kuusoma ukurasa ule mpaka mwisho, niliishia kwenye mayai. Lakini mtoto atasemaje hajui siri ya mama yake? Nikashusha sauti na kumwambia niliapa nisiseme.

Akaondoka kinyumenyume, kwa heshima kubwa. Mpaka saa kumi walikuwa wamekuja watu tisa kuniangalia. Mpiga Picha alisogeza stuli yake karibu.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Dada amekuja dukani. Hajawahi kuja dukani.

Alikuwa bado na aproni. Alisimama kwenye foleni kama mteja, nyuma ya mtu wa vyeti, akasubiri zamu yake. Hilo liliniumiza kuliko kama angepita mbele akifoka.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Leo kantini, mbele ya watu, bibi mmoja wa idara ya mita amemrudishia kipande chake. Kasema hanunui keki ya wachoyo. Kasema mji mzima unajua mama yake alikuwa akiwapa watu mapishi na kukata mstari wa mwisho kwa makusudi, ili waharibu, wamrudie. Kasema hata kijana wake, yule wa fotokopi, amekiri.

Ni hesabu yangu mimi, neno kwa neno: waharibu, warudi wanunue. Imezunguka mji na kupachikwa kwa Mama.

Dada akauliza kama nimekiri. Nikasema watu wanapiga chuku. Akauliza ukurasa uko wapi. Kumbe jana alifungua daftari. Nikasema uko mahali salama.

"Mama hajamficha mtu kitu," akasema. "Hata ubaya wako hakukuficha, alikuwa anakwambia usoni. Nirudishie mwandiko wake kabla ya Jumamosi, mdogo wangu. Mengine tutaongea."

Akageuka. Mtu wa nyuma yake alikuwa ameshika kopi ya keki.

Sikula mchana. Mama yangu alikuwa akitoa chumvi hadi yeye anakwenda kuomba chumvi. Mimi nimemfanya mchoyo kwa juma moja, bila hata kumchukia mtu. Najuta. Nimeandika neno hilo na limekaa peke yake kwenye mstari, na bado halitoshi.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nimejidhalilisha kwa Mpiga Picha.

Nilifikiri asubuhi nzima. Mimi siangalii watu usoni. Nani anaangalia watu usoni kutwa, kwa kazi? Nikavuka korido. Nikamwomba anikumbushe nani alikuja kwenye mashine baada yangu Jumatatu ile.

Akasema kumbukumbu yake inafanya kazi vizuri mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Akanikalisha mbele ya pazia jeupe. Akanyoosha kidevu changu kwa vidole viwili. Akaniambia nieleze kisa chote toka mwanzo na nisitabasamu. Nikaeleza yote: gari, kijikaratasi, kiapo. Nilipofika kwa Dada kwenye foleni, sauti ilinikatika. Akapiga picha hapo hapo.

Kisha akasema alikuwa mzee wa koti la kahawia, sikio moja limeinama, karani wa yule wakili wa ghorofa ya juu ya duka la mapazia. Amemkumbuka kwa sababu ya sikio.

Na akanipa picha bure. Nimeitazama. Ni picha ya mtu aliyefanya jambo baya. Nitaitumia kwenye kitambulisho, nyingine sina.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Nimeupata! Ila.

Karani ni mtu mpole, mtaratibu, anayegonga mhuri kila kitu. Nikiwa nimekaa pale aligonga mhuri bahasha tupu. Nikamweleza. Akafikiri. Akaleta jalada la kesi ya mpaka wa kiwanja, ndugu wawili wanagombea hatua tatu za ardhi. Akafunua ramani, hati, barua ya babu yao, na mara, keki ya Mama.

Imegongwa mhuri. Mhuri wa zambarau, mkubwa, katikati ya mayai na maziwa: KIELELEZO NAMBA SABA.

Nikauliza hakuna aliyeusoma? Karani akasema wao wamesoma na kudhani ni wa upande wa pili. Upande wa pili wamepewa nakala yao, wakadhani ni mtego, na wakili wao ameomba wiki mbili za kuupitia.

Ilibidi niandike barua ya kuomba kielelezo kitolewe. Karani akaigonga mhuri. Nikatoka.

Nimekaa kwenye ngazi, nje ya duka la mapazia, nikausoma ukurasa wa Mama mpaka chini kwa mara ya kwanza maishani. Vipimo, nyuzi za moto, ganda la limau likwaruzwe bila ile nyeupe yake. Hakuna karafuu. Hakuna siki. Hakuna kilichopungua. Wale watu sita wa wodini hawajui kupika tu.

Mstari wa mwisho unasema: "Ukiharibu, usione haya. Njoo nyumbani nikuonyeshe."

Basi ndiyo hiyo siri.

Nilikumbuka. Nilipokuwa mdogo walikuwa wanakuja, wanawake wa uani, na hata fundi viatu mmoja, wamebeba keki zilizoungua, zilizozama katikati, zilizokataa kutoka kwenye chombo. Nilikuwa nachukia. Walijaza jiko, walicheka kwa sauti, nami nilikuwa nataka chakula. Mama alikuwa anaikata ile mbovu, anaionja, anasema hapa ulifungua oveni mapema, haya vaa aproni. Sikujua walikuwa wameitwa. Nilidhani watu wanakuja tu.

Nililia pale ngazini. Mtu mmoja wa jengo letu akapita, akaona machozi, akaona mhuri, akaangalia juu kwenye kibao cha wakili. Akatikisa kichwa na kwenda zake haraka. Sikuwa na nguvu za kumkimbilia.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Mwaka mmoja wa Mama.

Nilifika mapema. Nikampa Dada ukurasa kwa mikono miwili. Akaanza na mhuri. Aliutazama muda mrefu. Nikamweleza yote, hata lile la kuoga. Nilisema nilitaka kumsaidia, na hilo ni kweli, na nilitaka watu wanijue, na hilo ni kweli zaidi.

Hakunifokea. Alisema anaukumbuka mstari ule, aliusoma kila siku akiwa binti, ndiyo maana hakuelewa kabisa watu wanatafuta nini. Kisha akasema mimi ndiye mtu pekee aliyekula keki ile miaka arobaini na kamwe hakuuliza inapikwaje. Akauweka kwenye fremu na mhuri wake. Haufutiki, akasema, na wewe pia hufutiki, ingia uoshe vyombo.

Majirani wa zamani wakaja. Wote walikuwa wamesikia kwamba hoteli imetushtaki na keki iko mahakamani. Walipoona mhuri ukutani, wakaamini kabisa! Jirani mmoja akaniuliza tunashinda? Dada akawasogeza karibu na kuwasomea mstari wa mwisho. Yule aliyekuwa anakaa mlango wa tatu akasema alikwenda mara nne, na ya nne ndiyo ilikubali. Wakaanza kuhesabu nani alikwenda mara ngapi. Wakalia na kucheka.

Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria, nasikia kupitia mlango. Nyumba imejaa, kelele, kama zamani. Sikuchukia hata kidogo. Nimechelewa tu.

Dada ameamua: kila Jumamosi alasiri mlango wake uko wazi kwa aliyeharibu. Mimi nitaosha. Na mtu akiniuliza mstari wa mwisho unasemaje, nitamwambia kama ulivyo. Nimemwahidi mbele ya fremu.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

Wamekuja saba, wakiwemo Nesi na bibi wa idara ya mita, kila mmoja na keki yake mbovu chini ya kitambaa. Bibi wa mita alimwomba Dada radhi kabla hajavua viatu. Nesi kosa lake ni kufungua oveni kila baada ya dakika tano. Nimeosha bakuli kumi na tisa. Nimerudi na kipande kimoja, na Dada amenipigapiga begani mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya upole.

Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

Amekuja bwana mmoja dukani, mrefu, ana mkoba wa ngozi. Hakuwa na karatasi ya kutoa kopi. Ametoka mji wa pili kwa ajili yangu. Huko kwao hadithi ina helikopta.

Akauliza mstari wa mwisho unasemaje. Nikamwambia kama nilivyoahidi, neno kwa neno: ukiharibu, usione haya, njoo nyumbani nikuonyeshe.

Akasubiri. Akauliza, ndiyo hivyo tu? Nikasema ndiyo hivyo tu. Nikauona uso wake, maana siku hizi naangalia watu usoni, na si jambo zuri kwa mtu kama mimi. Ulianguka kama keki ya Nesi. Alishika mkoba wake, akasema pole kwa usumbufu, akaanza kugeuka. Ng'ambo ya korido, Mpiga Picha alikuwa anasikiliza, anacheka kwa mabega.

Mtu ametoka mji wa pili! Nitamwachaje aondoke mikono mitupu?

Nikamgusa kiwiko. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huo ni mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Mmoja si mji. Na nimemsihi asimwambie mtu mwingine, akaapa. Nilifikiria kwenda kwa Dada leo hii kumweleza kabla neno halijamfikia, lakini ni mbali, na Jumamosi si tutaonana? Nitakuwa naosha vyombo. Mama, nisamehe. Nilimwona usoni amefurahi sana.